Uzazi wa mimea usomeshwe kondeni: mwongozo kwa walimu wa skuli za shamba

Mtoto wa darasa la sita anayekaa Mtambile au Konde ameshapanda muhogo na baba yake, ameshachuma karafuu, na ameshamsikia bibi yake akisema ule mpapai wa nyuma ya jiko usikatwe kwanza mpaka utoe maua, ijulikane ni dume au jike. Akifika skuli anachorewa ubaoni ua lenye petali tano ambalo hajawahi kuliona, analinakili, anajaza majina ya sehemu zake, na mtihani ukishapita yote yamepotea. Anachokijua kondeni na anachokiandika daftarini havikutani hata siku moja. Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa skuli ya shamba, Pemba au Unguja, anayetaka vikutane, na ambaye hana maabara wala darubini.

Swali moja libebe mada nzima, na wanafunzi walisikie kila siku ya somo: mmea huu umetoka kwa mzazi mmoja au kwa wazazi wawili? Muhogo uliopandwa kwa kijiti una mzazi mmoja. Punje ya hindi kwa kawaida ina wawili. Chavua (unga wa ua la kiume), stigma (sehemu ya ua la kike inayoupokea unga huo), utungisho (dume na jike kuungana ndani ya yai), mbegu na usambazaji, vyote vitapata pa kukaa mtoto akishalishika swali hilo.

Panga kwa msimu kwanza, halafu kwa kitabu

Mada ikiangukia mwezi ambao hakuna kinachochanua, utarudi ubaoni tu. Kwa hiyo angalia azimio la kazi mapema na ulisogeze inapobidi. Mahindi, maboga na kunde vikipandwa bustani ya skuli mvua za masika zinapoanza, mwezi wa Machi, baada ya wiki sita hadi nane utakuwa na maua ya namna tatu kwa wakati mmoja. Masika yakikupita, vuli ya Oktoba inafaa. Mnazi na mpapai ndiyo akiba yako, maana vina maua mwaka mzima na havijali muhula.

Mahindi yapande kwa pande la mraba, mistari minne au mitano mifupi, usiyapange kwa mstari mmoja mrefu. Sababu yake wanafunzi wataigundua wenyewe.

Vifaa ni vichache: wembe mmoja unaobaki mkononi mwa mwalimu, bahasha za karatasi, uzi wa kushonea, na lenzi ya mkono kama ipo. Kama haipo, kamera ya simu ikisogezwa karibu na picha ikakuzwa inaonyesha chavua vizuri. Darasa la watoto sabini ligawe makundi ya watoto wanane wanane, kila kundi na mmea wake wenye kibao cha jina. Mmea usio na mwenyewe haumwagiliwi.

Hatua ya kwanza: waulize wazee

Siku mbili kabla ya kipindi cha mwanzo, kila mtoto apewe kazi ya kuuliza nyumbani: tunapanda nini kwa mbegu, nini kwa kijiti, nini kwa chipukizi, na kwa nini? Chora ubaoni safu tatu na uwaachie wajaze. Muhogo, pilipili manga na marando ya viazi vitamu vitaingia safu ya vijiti. Migomba na mananasi safu ya machipukizi. Kunde, mbaazi, mpunga, mipapai, mikarafuu na minazi safu ya mbegu. Mshelisheli utaleta ubishi, kwa sababu mashelisheli yetu mengi hayana kokwa na mti unaendelezwa kwa machipukizi ya mizizi. Ubishi huo uache uendelee.

Watabishana pia juu ya ndizi. Kata ndizi mbivu kwa urefu uwaonyeshe vidoa vyeusi vya katikati: hayo ni mabaki ya mayai ya ua ambayo hayakutungishwa, kwa hiyo hayakuwa mbegu. Ndiyo maana hakuna mzee aliyewahi kwenda kununua mbegu za mgomba.

Ukitaja dume na jike, darasa litacheka. Usiwakemee. Zungumza kwa adabu ile ile anayotumia mkulima akitaja mpapai dume, na kicheko kitaisha chenyewe. Kwa sekondari, ambako mtihani ni wa Kiingereza, jambo lieleweke kwanza kwa Kiswahili, kisha majina ya mtihani yabandikwe juu ya mmea wenyewe kwa vikaratasi.

Hatua ya pili: mzazi mmoja, kwa kijiti cha muhogo

Omba mashina ya muhogo uliokomaa. Kila kundi likate vijiti vitatu vya urefu wa sentimita 20 hadi 25, kila kimoja kiwe na vifundo vitano au zaidi. Kimoja wakipande wima kama kilivyokuwa shambani, kimoja wakilaze chini ya udongo, kimoja wakipindue juu chini. Waandike wanachotarajia kabla ya kuona. Ndani ya wiki mbili tatu macho yatachipua, na kile kilichopinduliwa kitachelewa na kudhoofika. Wakikichimbua, watazame mizizi imeanzia ncha ipi. Kijiti kinajua chini yake ni wapi hata kama mpandaji amekosea. (Waonye wasitafune muhogo mbichi wa mazoezi haya; muhogo mchungu una sumu.)

Hapa usiishie kwenye faida. Vitabu husema kupanda kwa kijiti ni haraka na mtoto wa mmea hufanana na mzazi, basi. Kondeni kufanana huko kuna gharama. Kijiti kilichotoka kwa mmea wenye ugonjwa wa batobato kinakwenda na batobato yake. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni mbaya zaidi, kwa sababu shina linaweza kuonekana zima kabisa, watu wakagawana vijiti kiambo kizima, na siku ya kuchimba muhogo ukakutwa na madoa makavu ya kahawia ndani, haufai kuliwa. Mtoto akishaelewa kwamba vijiti vyote vile ni mmea mmoja uliokatwakatwa, ataelewa kwa nini ugonjwa mmoja unamaliza konde zima. Ataelewa pia kwa nini watafiti wa kilimo wanaotafuta muhogo unaostahimili maradhi hurudi kwenye maua. Muhogo una maua ya kiume na ya kike, na mbegu yake inayotokana na wazazi wawili huzaa mmea usiofanana sawasawa na yeyote kati yao. Katika miche mingi ya namna hiyo ndimo wanamochagua ule mmoja unaofaa, na ukishapatikana, unarudi tena kuzalishwa kwa vijiti.

Skuli za pwani, upande wa Micheweni au kule Paje, zina mfano wa ziada: kipande cha mwani kinachofungwa kambani na kukua baharini. Waambie kwamba wanasayansi hawauhesabu mwani pamoja na mimea ya nchi kavu, kisha endelea.

Hatua ya tatu: wazazi wawili, kwa ua la boga

Watu wengi huanza na ua la mkunde kwa sababu lina dume na jike ndani yake. Mimi nashauri kuanza na boga. Ua ni kubwa, mtoto wa nyuma analiona, na dume na jike vimetengana kwenye mmea mmoja. Ua la kiume limesimama juu ya kikonyo chembamba, na ndani yake mna kijiti kimoja cha njano kinachoacha unga kidoleni. La kike lina kiboga kidogo chini ya petali hata kabla halijachanua. Kiboga hicho ndicho ovari, yaani sehemu inayobeba mayai ya ua.

Somo hili ni la asubuhi na mapema, maana ua la boga hufunguka alfajiri na kufika mchana limeshanywea. Jioni ya siku iliyotangulia chagua maua manne ya kike yanayoelekea kuchanua, funga ncha zake kwa uzi ili nyuki wasiingie, na ufanye vivyo hivyo kwa maua mawili ya kiume. Asubuhi fungua mawili ya kike. Chuma dume, lichane petali zake zote, shika kikonyo, na upake chavua taratibu juu ya stigma ambayo imegawanyika sehemu tatu. Kisha lifunge tena. Mawili mengine ya kike yabaki yamefungwa bila kuguswa.

Baada ya siku chache viboga vilivyopakwa vitaanza kuvimba, na visivyopakwa vitageuka njano na kudondoka. Usiwaambie mapema. Mtoto aliyeona kiboga kimedondoka mbele yake hasahau kwamba ovari peke yake haitoshi. Siku hiyo ndipo umweleze safari iliyobaki: punje ya chavua huota mrija, mrija hushuka mpaka kwenye yai, na hapo utungisho hutokea. Kila mbegu ndani ya boga ni yai moja lililofikiwa.

Hatua ya nne: ndevu za mahindi

Kila uzi wa ndevu za hindi umeunganishwa na mahali pa punje moja. Uzi usiopata chavua, punje yake haiji. Mchukue mtoto, afunue hindi changa taratibu, afuate uzi mmoja kwa kidole kutoka ncha mpaka kwenye gunzi. Dakika tano tu, lakini ndizo za thamani kubwa kuliko zote katika mada hii.

Jaribio lake ni jepesi. Kabla ndevu hazijatoka, vika bahasha ya karatasi kwenye mahindi mawili machanga na uifunge kwa uzi. Usitumie mfuko wa plastiki, utayapika kwa jua. Moja liache limefunikwa mpaka ndevu zikauke. La pili, ndevu zikishatoka, zikate upande mmoja karibu na hindi zibaki nusu, ulifungue siku moja tu wakati mbelewele za juu zinamwaga unga, kisha ulifunike tena. Wakati wa kuvuna mezani patakuwa na gunzi tupu, gunzi lenye mapengo, na hindi zima la mmea wa jirani.

Waulize sasa kwa nini bustani ya skuli ilipandwa pande la mraba. Mahindi huchavushwa na upepo. Kwenye mstari mmoja chavua nyingi hupeperuka na kuangukia majani ya pembeni. Kuna mtoto atakayesema kwao mahindi ya ukingoni mwa konde ndiyo huwa na mapengo. Mwache aeleze, aende na ubaoni akachore.

Hatua ya tano: mnazi, kalenda ya mwaka mzima juu ya mti mmoja

Mnazi mrefu ulio mzima hutoa kole jipya karibu kila mwezi, na nazi huchukua kama miezi kumi na miwili tangu ua mpaka kukomaa. Maana yake mti mmoja uliosimama kiwanjani una umri wote kwa pamoja. Sijui mmea mwingine katika visiwa hivi unaompa mwalimu zawadi kama hiyo.

Mwombe mwenye mnazi ruhusa, umlipe mkwezi, na umwagize ateremshe karara moja inayokaribia kupasuka pamoja na tunda moja moja la kila hatua. Kamwe usimpandishe mwanafunzi kwa ajili ya somo.

Pasua karara mbele ya darasa. Ndani mna upunga mweupe wenye vitawi vingi. Kila kitawi kina maua madogo madogo ya kiume, ni mengi kama mchele, na chini karibu na shina la kitawi kuna kitufe kimoja au viwili vya mviringo: hayo ndiyo maua ya kike, na ndizo nazi za mwakani. Wahesabu kwenye kitawi kimoja, dume ngapi na jike ngapi. Kwenye minazi mirefu maua ya kiume hufunguka na kumalizika kabla ya ya kike kuwa tayari, kwa hiyo chavua kwa kawaida hutoka mti mwingine, ikaja na nyuki au upepo. Kitamli, yaani mnazi mfupi, ni tofauti: dume na jike lake mara nyingi hukutana kwa wakati mmoja, kwa hiyo hujichavusha, na watoto wake hufanana nao. Wengi wao wana kitamli nyumbani. Waulize kama kile kilichopandwa kwa nazi ya kitamli kimetoka kifupi kama mama yake.

Kisha panga juu ya meza kwa zamu: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, na nazi iliyoota. Majina wanayajua kabla hujafungua mdomo. Kazi yako ni kuuliza kila moja ndani mna nini na kilichomo kimebadilika vipi. Maji ya dafu ni chakula cha kiinitete (mmea mchanga ulio ndani ya mbegu) kikiwa bado majimaji, na nyama ya nazi ni chakula hicho hicho kilichoganda ukutani. Kiinitete chenyewe ni kidogo, hakizidi ncha ya kidole, kimekaa chini ya jicho moja lililo laini kati ya macho matatu ya kifuu. Watafute jicho hilo kwa kijiti cha kuti.

Halafu pasua ile iliyoota. Joya, ambalo watoto watataka kuligombania, ndilo kiungo kinachonyonya nyama na maji na kumlisha mche mpaka majani yake yaweze kujitegemea. Mara nyingi hapa darasa hunyamaza, kwa sababu wamelila joya miaka yote bila kujua ni nini. Gawa kidogo kidogo, kila kundi lipate. Kabla hujafunga kipindi, tupa nazi yenye kumbi lake ndani ya ndoo ya maji ielee, na kando yake kifuu kitupu kilichojazwa mchanga. Usambazaji kwa maji umekwisha kuelezwa.

Hatua ya sita: karafuu kwenye kikombe

Roweka usiku kucha kiganja cha karafuu kavu kwenye maji ya vuguvugu. Asubuhi zitakuwa zimelainika. Kwa wembe, mwalimu akate moja kwa urefu. Meno manne ya juu ni sepali, yaani vijani vinavyolifunika ua changa. Kile kitufe cha mviringo katikati yake ni petali zilizojikunja, na ukizibandua unakuta stameni, sehemu za kiume zinazotoa chavua, nyingi na nyembamba zimekunjwa zinangoja. Chini, ndani ya kile wanachodhani ni kijiti tu, kuna ovari.

Karafuu inayouzwa, kwa hiyo, ni ua lililochumwa kabla halijafunguka. Wape wakati walifikirie. Mkulima anauza uzazi wa mti uliosimamishwa, na jua la majamvini linakamilisha kazi. Basi mikarafuu mipya hutoka wapi? Hutoka kwenye maua machache yaliyoachwa mtini yakafunguka, yakachavushwa na kuwa matunda yenye rangi ya zambarau iliyoiva. Mbegu ya tunda hilo haihifadhiki: ikikauka inakufa upesi. Ndiyo maana wanaoatika miche kwenye kitalu huondoa nyama ya tunda na kupanda mara moja. Mlinganishe na punje ya kunde iliyokaa mtungini tangu mwaka jana na bado inaota.

Mfano huu una uzito wake Pemba. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu.

Mifano ya kupitia haraka

Mpapai: mti wa kiume una maua mengi kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia, wa kike una ua nono lililokaa karibu na shina, na ipo miti yenye vyote viwili kwenye ua moja. Kungumanga nayo imetengana dume na jike, ila mkulima hungoja miaka mingi mpaka mti utoe maua ndipo ajue. Basibasi nyekundu inayoizunguka kokwa yake huwavuta ndege, nao huibeba mbegu.

Vanila, kama kuna anayeilima karibu nanyi, ifuateni asubuhi. Asili yake ni Mexico, na huku kwetu hakuna mdudu wa kuaminika wa kuichavusha, kwa hiyo mkulima hutumia kijiti kuinua kiwambo kidogo kilicho kati ya chavua na stigma, akavibana pamoja. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12. Waambie umri wake. Ni karibu sawa na wao. Wengi wameshasikia chuoni habari za watu wa Madina waliokuwa wakichavusha mitende kwa mikono, kwa hiyo jambo hili si geni masikioni mwao.

Kwa usambazaji wa mbegu, skuli zilizo karibu na Kidike ziende kuwatazama popo wa Pemba, ambao hawapatikani porini mahali pengine popote duniani. Popo hao hula matunda na kudondosha mbegu mbali na mti mama. Zilizo karibu na bahari ziende mikokoni, zione mbegu iliyoota ingali juu ya mti.

Kupima walichoelewa

Mchoro wa ua uwe swali moja tu. Mengine yawe ya kondeni, na kila jibu litoe sababu na ushauri:

Bi mmoja ana mipapai sita, yote ina maua marefu yanayoning'inia na haizai. Jirani anapita anamwambia aikate yote. Wewe utamwambia nini?

Mzee amechimba muhogo akakuta una madoa ya kahawia ndani, lakini mashina ni mazuri. Ndugu yake anamwomba vijiti. Ampe?

Mahindi yaliyopandwa mstari mmoja kando ya njia yamezaa magunzi yenye mapengo. Mwakani yapandwe vipi?

Viboga vinadondoka vikiwa vidogo. Shamba limepigwa dawa ya wadudu kila asubuhi wiki nzima. Kuna uhusiano gani?

Kwenye hili la mwisho, mtoto akijibu kwamba dawa imeua nyuki kwa hiyo chavua haikufika, mpe alama za sababu. Akiongeza kwamba kama ni lazima dawa ipigwe, ipigwe jioni maua yakishafunga na nyuki wakisharudi, mpe zote.